UNGO SI JINAI: TUONYESHENI KIFUNGU CHENYE SENTIMITA!

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana uliyepanga chumba kimoja Manzese, Tandika au Buguruni, ukalipishwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, leo nina swali moja kwako. Anga lililo juu ya geto lako ni la nani? La mwenye nyumba? La ofisa wa manispaa? La waziri? Au ni la Mungu, na kila mwenye macho ana haki ya kulitazama?

Usicheke. Siku utakapobeba ungo wako begani na kumwita fundi aufunge, ndipo utajua kwamba anga lina wenyewe. Mwenye nyumba atasema unamharibia bati. Mjumbe atauliza kibali. Mgambo atasema unachafua mandhari ya mji. Na kila mmoja wao ukimwomba akuonyeshe kifungu cha sheria, atakuonyesha kiganja. Unajua maana yake: toa kitu kidogo, uone ungo wako unavyogeuka halali dakika hiyo hiyo.

Hoja yangu ni fupi. Kanuni ya ungo isiyo na vipimo si kanuni, ni mradi wa ulaji. Nchi yenye nia njema huandika: ungo wa sentimita kadhaa, ukutani upande fulani, hauhitaji kibali. Basi. Mwananchi anashika futi kamba, anapima, anajua yuko ndani ya sheria au nje. Pale ambapo hakuna sentimita, pana hisia za mkubwa, na hisia za mkubwa zina bei.

WALIANZA ZAMANI KUTUCHAGULIA

Tukumbushane kidogo, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Sisi wa Bara tukaambiwa televisheni ni anasa, tusubiri. Tukasubiri miaka 20! Ni baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango ndipo vituo vya binafsi vikaanza, ITV ikiwamo, mwaka 1994. Televisheni ya taifa ikaja baadaye kabisa, wakati watu binafsi wameshaonyesha njia.

Katika miaka hiyo ungo ulikuwa alama ya ukubwa. Ulikuwa mkubwa kweli kweli, mita mbili, mita tatu, umekaa kwenye bustani za Oysterbay na Masaki kama chombo cha kwenda mwezini. Hukumsikia mtu akisema unachafua mandhari. Kigogo akiwa na ungo wa mita tatu ni maendeleo. Mlalahoi akiwa na ungo wa sentimita 80 ni uchafu wa mji. Hiyo ndiyo mizani tuliyonayo, na ndiyo tunayotaka ivunjwe.

Halafu likaja la ving'amuzi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na ile antena yako ya juu ya paa ikawa kamba ya kuanikia nguo mpaka ununue king'amuzi. Sikatai teknolojia, dunia nzima ilikuwa inahama. Nasema tu kwamba tangu siku ile, kati yako na picha pamewekwa kisanduku, na mwenye funguo za kisanduku hicho si wewe.

Ushahidi huu hapa. Januari 2016, Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, hoja ikiwa ni gharama. Wabunge wa upinzani walipopinga, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Agosti 2018, mamlaka ya mawasiliano ikazibana kampuni za televisheni za kulipia zinazotumia satelaiti kwa hoja kwamba leseni zao haziziruhusu kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa. Jioni moja mtu anawasha, chaneli aliyoizoea haipo. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, mitandao kadhaa ya kijamii ikafungwa nchini.

Sasa unaelewa kwa nini gazeti la mageuzi linazungumzia ungo? Kuna kijana atasema: "Kaka, mimi nina simu, ungo wa nini?" Mdogo wangu, simu yako inakunywa maji ya bomba, na bomba lina koki, na koki iko mkononi mwa mtu. Tena kila tone unalilipia bando. Ungo unakinga mvua. Chaneli inayorushwa bure kutoka angani haikuulizi bando wala jina lako, na anayetaka kukuzuia inambidi apande juu ya paa lako mwenyewe. Ndiyo maana kanuni za paa ni siasa.

Na Katiba yetu imeshasema. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Hebu niambie, ni chombo gani kinachotimiza maneno hayo kuliko ungo? Ungo haugongewi muhuri pale Namanga.

WENZETU WAMEANDIKA VIPIMO

Tusiseme kwa hasira tu. Tuangalie wenzetu wanaosifika kwa mipango miji.

Uingereza, ambao ndio waliotufundisha habari za vibali vya ujenzi, wana kanuni inayoweza kuandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Huko England nyumba ya kawaida inaruhusiwa kuwa na nyungo mbili bila kuomba kibali cha mipango miji. Ukiwa na mmoja, usizidi sentimita 100. Ukiwa na mbili, mmoja usizidi sentimita 100 na wa pili usizidi 60. Ukiufunga kwenye dohani, usizidi 60. Katika eneo la hifadhi ya majengo ya kale, usiufunge kwenye ukuta au paa linaloonekana kutoka barabarani. Jengo refu, la mita 15 kwenda juu, linaruhusiwa nyungo nne, kila mmoja usizidi sentimita 130. Kisha mwananchi anaombwa auweke mahali ambapo hautaumiza macho kadiri inavyowezekana, na akiacha kuutumia auondoe. Hakuna mjumbe, hakuna mgambo, hakuna njoo kesho.

Marekani wakaenda mbali zaidi, wakamgusa mwenye nyumba. Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliiagiza Tume ya Mawasiliano iweke kanuni ya kuwazuia wenye mitaa na vyama vya wakazi kuwakataza watu ungo. Tume ikasema: ungo usiozidi mita moja, katika eneo lililo lako, hakuna wa kukukataza, wa kukuchelewesha bila sababu wala wa kukupandishia gharama isivyo haki. Januari 1999 kanuni hiyo ikawafikia wapangaji. Mpangaji mwenye roshani yake au ua wake hawezi kuzuiwa na mwenye nyumba kuweka ungo hapo. Paa la wote na ukuta wa nje havimo, hapo lazima mwelewane. Usalama na majengo ya kihistoria pia vimeachiwa nafasi yake. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekataza, si kwa mwenye ungo. Soma tena mstari huo, ndugu yangu. Anayekataza ndiye anayetakiwa kujieleza.

MKASA WA RINKEBY

Lakini kisa ninachotaka ukibebe mpaka kijiweni ni cha Sweden. Katika kitongoji cha Rinkeby, jijini Stockholm, wanakoishi wahamiaji wengi, familia moja yenye asili ya Iraq, baba, mama na watoto watatu, ilipanga nyumba mwaka 1999. Walikuwa na ungo, kwa sababu walitaka vipindi vya Kiarabu na Kiajemi, wasikie habari za kwao, na watoto wasipoteze lugha. Mwenye nyumba akasema mkataba unakataza kuweka vitu nje. Wakautoa ukutani, wakaufunga kwenye mkono wa chuma uliopita katika dirisha dogo la jikoni. Mwenye nyumba hakuridhika. Kesi ikaenda. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikasema mkataba uvunjwe. Mwaka 2006 familia ikahama na watoto wake. Kwa ajili ya ungo!

Hawakukubali. Wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Desemba 16, 2008 majaji wakaamua kwamba Sweden imevunja haki ya familia ile ya kupokea habari. Wakasema habari si siasa peke yake. Utamaduni na burudani navyo vimo. Wakasema pia kwamba suala la usalama wa ule ungo lilikuwa limeshaangaliwa na vyombo vya nyumbani, na kwamba kumtoa mtu na watoto wake nyumbani kwa sababu hiyo ni adhabu isiyolingana na kosa. Dola ikaamriwa kulipa fidia.

Unaona uzito wake? Aliyewafukuza hakuwa serikali, alikuwa mwenye nyumba. Lakini Mahakama ikasema serikali haiwezi kujificha nyuma ya mwenye nyumba, kwa sababu mahakama zake ndizo zilizogonga muhuri. Somo hilo likariri.

Upande wa pili wa shilingi ni Iran. Wao mwaka 1995 walipitisha sheria ya kupiga marufuku ungo kabisa. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Julai 2016, wanamgambo wao wa Basij wakaonyesha mbele ya watu jinsi walivyoharibu nyungo na vifaa 100,000. Siku zile zile waziri wao wa utamaduni, Ali Jannati, akasema sheria ile inahitaji kurekebishwa, maana karibu asilimia 70 ya watu wanatumia ungo. Marufuku ya miaka 20, na watu 7 katika 10 wana ungo! Marufuku ilichofanikiwa ni kuwatajirisha wanaouza kwa magendo na wanaopokea rushwa ya kufumba macho. Anayetaka kwenda njia hiyo ajue inakoishia.

HAWANA HOJA KABISA? WANAZO

Mimi si mtu wa kupinga kila kitu. Mji una haki zake, na zipo hoja ambazo kijana muungwana lazima azikubali.

Ya kwanza ni usalama. Ungo uliofungwa kwa waya wa kuchomea na msumari mmoja, upepo wa kusi ukivuma, ni panga linaloruka. Ukimkata mtoto wa watu, hutasema ni uhuru wa habari. Na nguzo ya chuma karibu na nyaya za umeme ni kifo cha fundi.

Ya pili ni majengo ya kale. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizitoboa kwa boliti kubwa zinapasuka, zinanywa maji, zinabomoka. Anayekuambia usifunge ungo mbele ya ukuta wa namna hiyo anasema kweli. Msikilize, uweke nyuma, juu ya dari bapa, ndani ya ukingo.

Ya tatu ni bati la mwenye nyumba. Baba wa watu amejenga kwa jasho, fundi wako anatoboa matundu 4, masika yakija maji yanaingia chumbani kwa mpangaji mwenzako. Ana haki ya kununa.

Lakini angalia, ndugu msomaji. Hoja zote 3 zinajibiwa na vipimo na ufundi. Hakuna hata moja inayohitaji marufuku, wala kiganja.

JIFUNZE KUUFUNGA, WASIPATE SABABU

Basi tuingie kwenye ufundi, maana mwanamageuzi asiyejua mambo yake ni mpiga kelele tu.

Satelaiti za televisheni zimepangwa juu ya Ikweta, kilometa kama 36,000 kwenda juu. Sisi tupo chini kidogo ya Ikweta. Hii ni bahati ambayo Mwingereza hana. Yeye ungo wake unachungulia chini karibu na upeo, kwa hiyo inambidi aupandishe juu, na ndiyo maana unaonekana na kuleta ugomvi. Wetu unatazama juu. Kwa Dar es Salaam, satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, wanayotumia DStv, iko karibu utosini: mwinuko wa nyuzi kama 81, kaskazini ikielemea magharibi kidogo. Azam, walioanza mwaka 2013, wako nyuzi 7 mashariki. Kwa Dar hiyo iko magharibi, ikielemea kaskazini kidogo, mwinuko wa nyuzi kama 52. Ukiwa Mwanza au Kigoma, hiyo ya nyuzi 7 inakuwa juu zaidi, kwa sababu wewe uko magharibi zaidi.

Maana yake nini kwako? Maana yake ni kwamba huhitaji paa! Ungo wa nyuzi 36 unaweza kukaa chini uani, juu ya nguzo fupi iliyosimikwa kwa zege, mradi juu yake pawe wazi. Hesabu yake ni hii: kama ukuta ulio mbele umeuzidi ungo kwa mita 10, kwa nyuzi 36 unatosha kukaa mita 2 kutoka ukutani. Kwa nyuzi 7 unahitaji mita 8 hivi. Hapo bati la mwenye nyumba umeliacha salama, mandhari ya mtaa hujayagusa, na fundi hapandi ngazi. Usifunge chini ya mwembe wala mnazi, kwani jani lililolowa linakula ishara. Na usidanganywe na uso wa ungo. Hizi nyungo ndogo zinapokea kwa mshazari, uso wake umesimama zaidi kuliko pale unapotazama hasa. Fuata namba zilizochongwa kwenye kikamatio chake, kisha sogeza taratibu ukitazama kiwango cha ishara kwenye skrini. Mwisho zungusha kidogo kile kichwa cha mbele, ambacho mafundi wanakiita LNB, mpaka ubora upande.

Njia ya pili ni kushirikiana, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Nyumba ya wapangaji 8 yenye nyungo 8 ni kichekesho. Ipo LNB yenye matundu manne. Ungo mmoja, waya nne, vyumba vinne, kila mtu king'amuzi chake na malipo yake, kila mtu anatazama anachotaka. Ukinunua ile ya tundu moja na kuigawa kwa kiunganishi cha bei poa, mtagombana, maana king'amuzi kimoja kikidai mawimbi ya upande huu, kingine kinakosa ya upande ule. Gharama ya ungo mgawane, na mwenye nyumba aombwe mara moja, kwa maandishi, na wote wanne. Mpangaji mmoja anafukuzika. Wanne wakiungana, mwenye nyumba anakaa kitako na kuzungumza. Huo ndio umoja tunaouhubiri kila siku.

Njia ya tatu ni kwa anayetaka kampuni zaidi ya moja. Nyuzi 7 na nyuzi 36 ziko mbali sana, ungo mmoja mdogo hauwezi kuzitazama zote. Unahitaji nyungo mbili. Lakini kama una kisanduku cha kupokea chaneli za bure, swichi ndogo inaweza kuunganisha nyungo mbili kwenye waya mmoja. Na hapa nasisitiza: kuwa na kisanduku cha bure pembeni ya king'amuzi cha kulipia. Cha kulipia kinafuata leseni ya kampuni, na tumeona mwaka 2018 leseni inavyoweza kukufungia chaneli. Cha bure kinafuata anga.

Halafu zile kubwa za zamani, za mita 2 kwenda juu, bado zina kazi. Mawimbi yake hayasumbuliwi sana na mvua. Hizi zetu ndogo, masika yakinyesha kwa nguvu, picha inakatika mpaka wingu lipite. Usimlaumu fundi. Lakini ukiamua kubwa, jua kwamba hiyo ni nguzo na zege na upepo. Hapo hata mimi nakubali kibali kiombwe.

Mwisho wa ufundi: waya mnene, usio na maungio ya kufunga kwa mfuko wa plastiki, na usizidi mita 50 maana ishara inachoka. Tuliopo karibu na bahari tununue boliti zilizopakwa zinki, chumvi ya bahari haina huruma. Ungo na nguzo viunganishwe kwa waya wa shaba hadi ardhini. Radi zikianza, chomoa waya wa ungo na wa umeme.

GHOROFA LA JIRANI

Kuna jambo wengi hawalioni mpaka giza liwaingie. Umefunga ungo wako vizuri, unatazama magharibi. Tajiri ananunua kiwanja cha jirani, anapandisha ghorofa 10. Siku moja picha imetoweka. Unamlilia nani?

London walilia. Mnara wa Canary Wharf, wa mita karibu 250, ulipojengwa, mamia ya wakazi wa mitaa ya jirani wakaenda mahakamani kulalamika kwamba umeziba matangazo ya televisheni. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, iliyokuwa Baraza la Malodi, ikawanyima. Jengo kuziba mawimbi kwa kusimama tu, ikasema, si kero inayofunguliwa kesi. Mahali pa kulipinga ni kwenye upangaji wa mji, kabla halijajengwa.

Umesikia? Kabla. Kwa hiyo vijana wa Kariakoo, Ilala na Magomeni, kunakoota maghorofa, ramani zinapopitishwa ndipo mnapotakiwa kupiga kelele. Diwani wako anaijua habari ya ungo wako? Umewahi kuhudhuria mkutano wa mtaa wako, au kazi ni kibanda umiza na ubishi wa mpira peke yake?

TUNACHODAI

Tunataka halmashauri za miji ziandike kanuni ya ukurasa mmoja, ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, yenye mambo matano.

Moja, ungo usiozidi mita moja, uliofungwa uani, kwenye roshani au upande wa nyuma wa paa, hauhitaji kibali wala ada.

Mbili, mpangaji ana haki ya kuweka ungo katika eneo alilolipia, na mwenye nyumba anayekataza atoe sababu kwa maandishi: usalama au uharibifu, si chuki.

Tatu, jengo la ghorofa lenye wapangaji wengi liwekewe ungo wa pamoja tangu ramani inapochorwa, na bomba la kupitishia waya, ili kuta zisigeuke utando wa buibui.

Nne, katika maeneo ya urithi, ungo uwe upande usioonekana kutoka barabarani, na kuta za kale zisitobolewe.

Tano, anayejenga ghorofa na kuwazibia majirani anga alipie kuhamisha nyungo zao. Ni tone tu katika gharama ya jengo lake.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji mkopo wa wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Inahitaji karatasi, kalamu na dhamira. Wakikataa, tutajua kwamba hofu yao si mandhari ya mji. Hofu yao ni kijana wa Tandika kujua kinachotendeka duniani bila kuwauliza wao.

Na wewe usingoje. Wiki hii kaeni wapangaji, hesabuni vyumba, pimeni ua, andikeni barua moja yenye sahihi zote. Akija mtu kukuambia ungo wako umevunja sheria, usigombane, usitukane, na usitoe hata senti. Mkaribishe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha mwulize kwa adabu: "Mheshimiwa, kifungu gani, na sentimita ngapi?"

Akikosa jibu, mwage kwa heshima, urudi ndani ukatazame taarifa ya habari.